Nyumba ya Mawe katika Milima ya Uluguru: Jinsi ya Kuisoma na Kuitunza

Juu ya mji wa Morogoro, kando ya njia ipandayo kuelekea kilele cha Bondwa, ipo nyumba ya kale ya mawe ijulikanayo kwa jina la Morningside. Ilijengwa katika miaka ya mwisho ya utawala wa Wajerumani, kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Wapanda mlima wengi hupumzika hapo, wakautazama mji ulio chini yao, kisha wakaendelea na safari. Ni wachache wanaougeukia ukuta wenyewe na kuuliza umejengwaje, kwa nini umejengwa mahali pale, na ni kitu gani kinachoweza kuuangusha.

Makala haya yanakusudia kujibu maswali hayo. Yanayoelezwa hapa yanahusu pia nyumba nyingine za mawe za zama zile zilizomo vijijini mwetu, ziwe za misheni, za mashamba au za serikali. Nyumba ya aina hiyo ni kama kitabu, nayo husomeka kwa mtu aliyejifunza herufi zake.

Mahali na hali ya hewa

Mji wa Morogoro uko kwenye kimo cha mita 500 hivi juu ya usawa wa bahari, na Morningside iko kwenye kimo cha zaidi ya mita 1,000. Kwa kawaida joto la hewa hupungua kwa takriban nyuzi 0.6 za Selsiasi kwa kila mita 100 mtu anazopanda. Kwa hiyo mwendo wa saa chache kwa miguu humtoa msafiri katika joto la bondeni na kumfikisha penye ubaridi ulio chini kwa nyuzi tatu au zaidi.

Kwa maofisa wa Kijerumani jambo hilo lilikuwa na uzito. Mwaka 1897 Ronald Ross alikuwa amethibitisha huko India kwamba vijidudu vya malaria hukua ndani ya mwili wa mbu, na ilifahamika wazi kwamba homa hiyo ni kali zaidi mabondeni kuliko milimani. Nyumba ya mapumziko mlimani ilikuwa basi sehemu ya mpango wa kuwawezesha watawala kuishi katika nchi waliyoitawala. Reli kutoka Dar es Salaam ilifika Morogoro mwaka 1907, na tangu hapo vitu visivyopatikana mlimani, kama vile mabati, vioo na misumari, viliweza kufikishwa hadi chini ya mlima kwa gari moshi. Kutoka hapo kwenda juu, vilibebwa na watu.

Mawe kabla ya Wajerumani

Lingekuwa kosa kudhani kwamba ujenzi wa mawe uliletwa Morogoro na Wazungu. Kabla yao alikuwapo Kisabengo, mtawala aliyejenga mji wenye ngome karibu na mahali ulipo mji wa sasa. Mwaka 1871 Henry Morton Stanley alipita hapo akiwa njiani kumtafuta Livingstone, nao mji ulikuwa chini ya binti wa Kisabengo. Katika maandishi yake aliuita Simbamwenni, akaeleza kuta zake, malango yake na minara yake ya mawe iliyosimama katika pembe nne.

Aliporudi mwaka 1872 alikuta mambo mengine. Mvua kubwa zilikuwa zimefurisha mto Ngerengere, na maji yalikuwa yamechukua ukuta wa upande mmoja pamoja na nyumba nyingi. Ngome iliyojengwa kuwazuia maadui wenye bunduki ilibomolewa na mvua ya msimu mmoja. Hilo ndilo somo la kwanza la ujenzi katika nchi hii, nalo litarejewa hapa chini.

Waluguru wenyewe, waliokaa milimani, walijenga kwa miti, udongo na nyasi. Wengine huihesabu nyumba hiyo kuwa duni, lakini hesabu hiyo haina haki. Nyumba ya udongo hujengwa kwa siku chache kwa nguvu za jamaa, hutengenezwa kwa vitu vilivyopo hatua chache kutoka mlangoni, na ardhi ikitikisika au kuporomoka hujengwa upya bila hasara kubwa. Katika miteremko mikali, wajenzi walichonga kwanza jukwaa la ardhi tambarare ndipo wakasimamisha nguzo. Nyumba ya mawe nayo ililazimika kuanza kwa kazi hiyo hiyo.

Muundo wa ukuta

Miamba ya Uluguru ni ya kale mno. Ni miamba metamofiki, yaani iliyobadilishwa na joto na mgandamizo mkubwa ndani ya ardhi mamia ya mamilioni ya miaka iliyopita. Jiwe lake ni gumu na zito: mita moja ya ujazo hufikia tani 2.6 au zaidi. Jiwe la namna hiyo hustahimili sana kubanwa, lakini ni dhaifu likivutwa au likipindwa. Tabia hiyo moja hueleza karibu kila kitu kionekanacho katika nyumba ya mawe.

Kwanza, hueleza unene wa kuta. Kwa kawaida ukuta wa mawe yasiyochongwa sana hujengwa kwa nyuso mbili, ya ndani na ya nje, na nafasi ya katikati hujazwa kokoto na udongo au chokaa. Ili nyuso hizo zisiachane, mwashi hodari huweka mara kwa mara jiwe refu linalopita kutoka uso mmoja hadi wa pili. Pasipo mawe hayo ya kufunga, ukuta hutuna katikati kama gunia lililojaa, kisha hupasuka. Pili, hueleza pembe za nyumba: hapo mawe makubwa kuliko yote hupangwa kwa kupishana, moja likielekea huku na la pili kule. Tatu, hueleza udogo wa madirisha. Jiwe lililolazwa juu ya nafasi pana hupindwa na uzito ulio juu yake, likavunjika. Mwashi akitaka nafasi pana itampasa ajenge tao, au aweke linta ya mbao ngumu ama chuma.

Unene huo una faida nyingine. Ukuta mzito hupokea joto polepole wakati wa mchana na kulitoa polepole usiku. Mlimani, ambako usiku ni wa baridi, nyumba hiyo hubaki na hali tulivu wakati hewa ya nje inabadilika.

Chokaa na kazi yake

Kinachounganisha mawe ni udongo, chokaa au saruji. Chokaa hupatikana kwa kuchoma mawe ya chokaa, marumaru au matumbawe katika tanuri lenye joto la nyuzi 900 hivi. Moto hufukuza hewa ya kaboni dioksaidi, na kinachobaki ni chokaa kali, ambayo ikitiwa maji huchemka na kugeuka unga mweupe. Unga huo ukichanganywa na mchanga na kupakwa ukutani, huvuta tena kaboni dioksaidi kutoka hewani, na baada ya miezi na miaka hurudia kuwa jiwe. Pwani, Waswahili walitumia matumbawe kwa kazi hiyo kwa karne nyingi. Katika Uluguru, upande wa Matombo, kuna tabaka za marumaru zinazofaa kwa kazi hiyo hiyo.

Chokaa ni laini kuliko jiwe, na tena hupitisha unyevu. Udhaifu huo wa kuonekana ndio nguvu yake. Ukuta ukisogea kidogo, chokaa hukubali, jiwe halipasuki. Ukuta ukilowa, maji hutokea kwenye viungo vya chokaa na kukauka.

Gharama iliyobebwa mabegani

Msomaji na afanye hesabu ndogo. Chumba kimoja chenye urefu wa mita 5 na upana wa mita 4, chenye kuta za kimo cha mita 3 na unene wa nusu mita, kina takriban mita 27 za ujazo za ukuta. Ukiondoa mlango na madirisha, zinabaki 25. Kila mita ya ujazo ya ukuta ikihesabiwa kuwa tani 2.4, chumba hicho kina uzito wa tani 60. Mtu mmoja akibeba kilo 25 kwa safari, zinahitajika safari 2,400 kwa kuta za chumba kimoja tu, kabla ya kuhesabu msingi, maji, mchanga na kuni za tanuri.

Hesabu hiyo inapasa kukumbukwa kila nyumba kama hii inapoitwa nyumba ya Wajerumani. Kodi ya nyumba ilikuwa imeanza kutozwa katika koloni hilo tangu mwaka 1898, na njia mojawapo ya kupata fedha ya kodi, au ya kufidia kodi isiyolipwa, ilikuwa kufanya kazi za wakoloni. Mchoro unaweza kuwa ulitoka Ulaya, lakini kuta zilisimamishwa kwa mikono na mabega ya wenyeji. Kwa maana hiyo nyumba ni urithi wao pia.

Adui mkuu: maji

Mawe yenyewe hayazeeki kwa kipimo cha umri wa binadamu. Kinachoua nyumba ya mawe ni maji, nayo huingia kwa njia tatu. Huingia kwa juu, bati likitoboka au kuibwa: mvua hushuka katikati ya ukuta, huosha udongo na chokaa, na nyuso mbili huachana. Ndege hudondosha hapo mbegu za mikuyu, na mizizi humaliza kazi. Huingia kwa chini, yakipanda ndani ya ukuta kama mafuta yapandavyo katika utambi wa kibatari. Tena huingia kwa nyuma, pale maji ya mteremko yanapoegemea ukuta kwa kukosa mfereji.

Njia hii ya tatu haiwezi kutenganishwa na hali ya mlima mzima. Mwezi Februari 1970, katika eneo la Mgeta upande wa magharibi wa Uluguru, ilinyesha mvua ya zaidi ya milimita 100 kwa muda wa saa tatu hivi. Mamia ya maporomoko ya ardhi yalitokea. Wataalamu walioyachunguza waliona kwamba karibu yote yalianzia mashambani na penye majani, na ni machache mno yaliyoanzia msituni. Mizizi ya miti huishika ardhi. Kwa hiyo anayeulinda msitu ulio juu ya nyumba anailinda nyumba pia.

Kuitunza

Kwanza, paa lishughulikiwe kabla ya ukuta, na mfereji kabla ya lipu. Pili, ukuta wa chokaa usizibwe kwa saruji. Saruji ni ngumu kupita chokaa, tena hufungia unyevu ndani: baada ya miaka michache hubanduka pamoja na uso wa jiwe, na ukarabati huwa madhara. Tatu, ufa uchunguzwe kabla ya kuzibwa. Bandika kipande chembamba cha kioo juu ya ufa kwa lipu, uandike tarehe. Kioo kikivunjika, ukuta bado unasogea, na chanzo kitafutwe katika msingi. Kikibaki kizima mwaka mzima wa mvua na kiangazi, ufa umetulia na waweza kujazwa chokaa.

Jambo la nne ni la kisheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 huyalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Jengo la baadaye, kama nyumba za zama za Wajerumani, halimo katika ulinzi huo mpaka litangazwe rasmi. Pasipo tangazo hilo, usalama wake hutegemea mwangalizi wake na wananchi wanaolizunguka.

Hapo shule zina nafasi kubwa. Wanafunzi wanaweza kuipima nyumba ya mawe iliyo karibu nao kwa kamba na timazi, kuchora ramani yake, kuhesabu uzito wake kama ilivyofanywa hapo juu, na kuwauliza wazee mawe yalichimbwa wapi na nani aliyeyabeba. Kazi hiyo haihitaji chombo cha gharama, lakini haiwezi kuahirishwa daima. Ukuta ulioanguka waweza kujengwa tena kwa mawe yale yale, ila kumbukumbu za mzee aliyefariki kabla ya kuulizwa haziwezi kukusanywa tena.