Mpima Mizani wa Fedha: Kazi ya Mshauri wa Fedha katika Kata za Kando ya Ziwa

Mwanzoni mwa miaka ya 1950, wakulima wa pamba wa Usukumani walikuwa na tatizo moja kubwa kuliko ukame. Walipofikisha pamba kwa mnunuzi, mizani ilikuwa ya mnunuzi, mwenye kuisoma alikuwa karani wa mnunuzi, na mwenye kuandika uzito alikuwa karani huyo huyo. Mkulima ambaye hakujua kusoma namba aliondoka na alichopewa. Ndipo wakulima wakabuni jambo ambalo leo laonekana dogo: wakachanga fedha, wakaajiri wapimaji wao wenyewe, ili pamba ipimwe na mtu wao kabla ya kufika mbele ya mizani ya mnunuzi. Kutokana na juhudi hizo na nyingine za aina hiyo vilikua vyama vya ushirika vya kanda ya ziwa, na mwaka 1955 vikaungana katika shirikisho lililojulikana kwa jina la Victoria Federation of Co-operative Unions. Kiongozi wake, Paul Bomani, baada ya Uhuru alikuja kuwa Waziri wa Fedha.

Mpimaji yule hakulima pamba wala hakuinunua. Kazi yake ilikuwa kusoma namba kwa niaba ya mtu ambaye namba hizo zilimhusu, naye alilipwa na mkulima. Hiyo ndiyo kazi ya mshauri wa fedha kwa maana yake halisi, ingawa siku hizi jina hilo huwafanya wengi wafikirie mtu mwenye tai katika ofisi ya ghorofani, anayehudumia matajiri.

Katika kata zilizo kando ya ziwa, mwenye kumhitaji mshauri huyo zaidi ni mtu wa kipato kisicho na tarehe. Mfano ulio karibu ni wa dagaa. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, wakati wa giza. Mbalamwezi ikitoka, taa hazivuti tena samaki, na mitumbwi hupumzika kwa siku kadhaa. Mama anayenunua dagaa mwaloni, akawaanika na kuwapeleka soko la Kirumba, huishi kwa kalenda ya mwezi wa angani, si ya mwezi wa mshahara. Mvua nazo zina hesabu yake: dagaa walionyeshewa kabla hawajakauka hupoteza hadhi ya kitoweo, na mara nyingi huishia kuuzwa kwa bei ya chakula cha kuku.

Sasa chukulia kwamba mama huyo anakopa shilingi 300,000 kwa mkopeshaji wa mtaani, katika ile mikopo ambayo wananchi wenyewe wameiita kausha damu. Anakatwa shilingi 15,000 za fomu, hivyo anaondoka na 285,000. Anatakiwa kurejesha shilingi 15,000 kila siku kwa siku 26. Kwa maneno, marejesho hayo yanasikika mepesi. Ni fedha ya ndoo chache tu. Kwa hesabu, siku 26 mara 15,000 ni shilingi 390,000. Ukijumlisha fedha ya fomu, mkopo huo umemgharimu shilingi 105,000 kwa muda usiofika mwezi. Benki Kuu imewawekea wakopeshaji wasiopokea amana ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa mkopo wa 300,000, riba hiyo ni shilingi 10,500.

Lakini riba ni nusu tu ya habari, na hapa ndipo wengi wenye kujua hesabu nao huteleza. Kwa kuwa marejesho huanza kesho yake, fedha ile haikai mkononi mwa mkopaji mwezi mzima. Kufika siku ya 13 amekwisha kurudisha shilingi 195,000. Mtaji uliobaki kumsaidia ni shilingi 90,000 za mkopeshaji, naye bado analipia 300,000. Kisha mbalamwezi inatoka. Kwa siku kumi za mitumbwi kupumzika anadaiwa shilingi 150,000 bila kununua hata debe moja. Kwa kawaida deni hilo hulipwa kwa mkopo wa pili kutoka kwa mkopeshaji mwingine. Hivyo ndivyo kitanda, runinga na cherehani vinavyochukuliwa, na hivyo ndivyo ndoa zinavyoingia katika ugomvi ambao chanzo chake mume hakukijua mpaka alipoona gari la mkopeshaji mlangoni.

Mshauri mzuri akiletewa jambo hilo mapema, haanzi kwa kukemea. Huuliza fedha huingia siku zipi, hutoka siku zipi, na ni kiasi gani cha mtaji kisichopaswa kuguswa hata mtoto akirudishwa nyumbani kwa mchango wa shule. Huandika majibu katika daftari la kawaida. Mara nyingi ushauri wake huwa mfupi: usikope wiki ya mbalamwezi, ukikopa, omba marejesho yafuate giza, na mkopo unaorejeshwa kila siku haufai kwa biashara isiyouza kila siku. Hakuna elimu ya siri hapo. Kinachohitajika ni mtu mwenye subira, anayejua hesabu, anayetunza siri, na asiyepata chochote iwapo mama huyo atakopa au hatakopa.

Sharti hilo la mwisho ndilo gumu kulipata. Afisa mikopo ana lengo la mwezi la kutimiza. Wakala wa bima hulipwa kamisheni kwa kila bima anayouza. Wote wawili wanafanya kazi halali, na wengi wao ni waaminifu. Lakini mizani wanayoisoma ni ya mnunuzi. Nchi hii ilipata funzo kubwa mwaka 2009, mpango wa DECI ulipositishwa baada ya watu wengi kuambiwa wapande mbegu ya fedha ili wavune mavuno maradufu. Walioshawishi majirani wao walikuwa wanachama waliotangulia, na faida ya aliyetangulia ilitoka katika mfuko wa aliyefuata.

Je, mshauri asiye na maslahi anapatikana wapi katika kata? Wa kwanza ni Afisa Maendeleo ya Jamii, ambaye mshahara wake haubadiliki kwa mkazi kukopa. Kwake ndiko vikundi huanzia vinapotafuta mikopo isiyo na riba inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Utoaji wake ulisitishwa mwaka 2023 ili utaratibu urekebishwe, kisha ukarejeshwa. Mkopo usio na riba nao ni deni, jambo ambalo baadhi ya vikundi vimelisahau kwa hasara ya vikundi vilivyokuwa vinasubiri zamu. Aidha, chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, vikundi vya kuweka na kukopa kama vikoba husajiliwa kupitia halmashauri. Wengi huuona usajili huo kuwa usumbufu. Thamani yake huonekana siku mweka hazina anapohama na sanduku.

Hata hivyo, afisa mmoja hawezi kukaa na kila kaya. Ndiyo maana kazi hii ina nafasi kwa vijana. Mwanza haina upungufu wa mahali pa kujifunzia: Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino kiko Malimbe, Chuo cha Benki Kuu kiko Capri Point, na vyuo vya uhasibu, biashara na usimamizi wa fedha vina kampasi jijini. Anayetaka kushauri juu ya hisa na dhamana kama taaluma hana budi kupata leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Mstaafu aliyepokea mafao ya mkupuo, naye hajawahi kushika kiasi kama hicho maishani, anahitaji mtu wa namna hiyo kabla hajanunua basi dogo kwa sababu tu shemeji yake anajua kuendesha.

Wapo wanaosema kazi hii itamezwa na simu. Ni kweli kwamba simu hukokotoa riba upesi kuliko mtu yeyote, na kijana asiyejua zaidi ya kukokotoa atakosa kazi. Lakini simu hiyo hiyo ndiyo iliyoleta mikopo ya mtandaoni ambayo mkopaji hubonyeza kukubali masharti asiyoyasoma, kisha akichelewa kulipa, majina yaliyomo katika simu yake, mkwe na kiongozi wa dini wakiwamo, hupelekewa ujumbe wa kumdhalilisha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ipo, ila mtu aliyekwisha kuaibishwa mbele ya mkwe wake hupata tabu kuitafuta peke yake.

Swali lililobaki ni nani amlipe mshauri. Mkazi mmoja mmoja hawezi, na mshauri anayelipwa na mkopeshaji ameshapoteza kazi aliyoitiwa. Wakulima wa pamba walilijibu swali hili kwa kuchanga. Kikoba cha watu 30, kila mmoja akitoa shilingi 1,000 kwa mwezi, kinapata shilingi 30,000: posho ya kijana mmoja aliyesomea uhasibu kuja mara moja kwa mwezi, kukagua daftari la kikundi na kukaa faragha na kila mwenye mkataba anaotaka usomwe kabla ya kutia sahihi. Siku inayofaa ni ya mbalamwezi, mitumbwi ikiwa nchi kavu.