NENO "KODI" KWENYE MKATABA LILINIGHARIMU 180,000

Leo somo fupi kwa wewe unayeuza mtandaoni na sasa unataka kutoka sebuleni, uchukue chumba cha kuwekea mzigo.

Mimi chumba changu cha kwanza kilikuwa ghorofa ya tatu, Kariakoo. Pango 300,000 kwa mwezi, unalipa miezi sita. Nikatoa 1,800,000 yote, nikasaini mkataba wa ukurasa mmoja aliokuja nao dalali. Kulikuwa na mstari umeandikwa: "Mpangaji atalipa kodi zote kwa wakati." Mimi nikajua kodi ni hiyo ya chumba. Nikasaini.

Nikaenda TRA kukadiriwa ili nipate leseni. Wakaomba mkataba, wakaniambia kuna kodi ya zuio, asilimia 10 ya pango. Yaani 180,000.

Iko hivi: kodi hiyo ni ya mwenye jengo, maana yeye ndiye anayeingiza kipato. Ila mpangaji wa biashara ndiye anatakiwa aikate kabla ya kumlipa, aipeleke TRA. Usipokata, wanakudai wewe.

Nikampigia mwenye jengo. "Mwanangu, soma mkataba wako. Kodi zote ni zako." Tukavutana wiki mbili. Mwisho akaniambia kama siwezi nitoe vitu vyangu, kuna mtu anakitaka chumba. Na mimi nina oda za mikoani zimeshalipiwa! Nikalipa mwenyewe. Hiyo ilikuwa hela ya mzigo wa viatu.

Sasa wewe fanya hivi:

1. Ongea kodi ya zuio KABLA hujatoa hela. Ukishalipa yote, huna cha kushikia.

2. Kwenye mkataba andikeni "pango" kwa hela ya chumba, na "kodi ya serikali" kwa hela ya TRA. Kila moja iandikwe nani analipa. Ushuru wa stempu pia.

3. Akisema anataka 300,000 kamili mkononi, jua pango lako halisi ni kama 333,000. Pigia hesabu hiyo kwenye bei zako, au tafuta chumba kingine.

4. Omba TIN yake, utaihitaji ukienda kulipa zuio. Akikataa kuitoa, hapo shtuka mapema.

5. Ukikata, lipa TRA ndani ya siku 7 baada ya mwezi kuisha, kisha mpe nakala ya risiti. Akiona risiti hawezi kusema umemla hela.

6. Pango lipia benki au kwa simu, usimpe dalali keshi.

Chumba cha pili nilimwonyesha mama mwenye nyumba hesabu hizi kwenye karatasi, tukaandika, tukasaini. Mpaka leo hatujawahi kugombana.

Una mkataba ndani? Utoe sasa hivi, tafuta neno "kodi", halafu niambie hapo chini umeandikwaje.