SOMO LA KILIMO: MBOLEA, UDONGO NA MVUA HABA

Wakulima wa Unguja na Pemba hutegemea zaidi misimu miwili ya mvua: masika, kuanzia Machi hadi Mei, na vuli, kuanzia Oktoba hadi Disemba. Vuli ikikatika mapema, mahindi hunyauka kabla ya kubeba. Kwa hivyo uchaguzi wa mbolea hauwezi kutenganishwa na hali ya hewa.

Kilimo cha kawaida hutumia mbolea za chumvichumvi na dawa za viwandani. Kilimo hai hutumia samadi, mboji, mimea ya jamii ya kunde na mzunguko wa mazao. Njia hizi zimekuwa zikilinganishwa tangu mwaka 1981 katika mashamba ya majaribio ya Taasisi ya Rodale, jimbo la Pennsylvania, Marekani. Baridi ya huko haifanani na joto la visiwani, lakini mahindi ya huko nayo hungojea mvua.

Miaka mitano ya mwanzo, 1981 hadi 1985, kilimo hai kilikuwa nyuma. Kilimo cha kawaida kilitoa wastani wa kilo 5,903 za mahindi kwa hekta. Mifumo miwili ya kilimo hai ilitoa kilo 4,222 na 4,743. Baada ya hapo mavuno yalikaribiana. Katika miaka mitano ya ukame iliyotokea kati ya 1988 na 1998, mambo yaligeuka: kilimo hai kilitoa kilo 6,938 na 7,235, na kilimo cha kawaida kilo 5,333.

Sababu yake imo ardhini. Samadi na majani yaliyooza huongeza rutuba, hulegeza udongo na kuuwezesha kunywa maji ya mvua na kuyahifadhi. Mbolea ya chumvichumvi hulisha mmea upesi, lakini peke yake haiongezi uwezo huo. Na mvua kubwa huweza kuichukua kabla mmea haujafaidika.

Hata hivyo, jina la kilimo hai si kinga. Ukame mkali wa mwaka 1999 uliwatenga waliofanana. Shamba la samadi lilitoa kilo 1,511 kwa hekta, la kawaida kilo 1,100, na lile lililorutubishwa kwa mimea ya jamii ya kunde pekee kilo 421 tu. Mimea hiyo, iliyopandwa kufunika ardhi kabla ya mahindi, ilistawi mno ikayanywa maji ambayo mahindi yangeyahitaji.

Kutokana na hayo, wakulima, pamoja na watumishi wa Serikali wenye mashamba, wanashauriwa kuzingatia yafuatayo:

1. Samadi itiwe mapema, ikiwa imeoza vyema, na udongo ufunikwe kwa majani makavu.

2. Mimea ya kufunika ardhi ifyekwe mapema mvua zinapoonekana kuwa haba, na majani yake yaachwe juu ya udongo.

3. Anayebadili njia ya kilimo aanze na sehemu ya shamba. Upungufu wa miaka ya mwanzo huweza kuipunguzia familia chakula.

4. Mavuno ya kila sehemu yapimwe na kuandikwa, pamoja na hali ya mvua ya msimu huo.

Mwaka wa neema huficha udhaifu wa udongo; ukame huudhihirisha. Udongo hauwezi kutayarishwa siku mvua inapokatika. Matayarisho yake ni kazi ya misimu iliyotangulia.