Seva Kayanga, nakala yake Nkwenda

Windows Server 2025, iliyotoka Novemba 2024, inaruhusu mashine pepe moja kupewa vichakataji 2,048 na kumbukumbu ya terabaiti 240. Fundi wa TEHAMA wa Kayanga (Karagwe) au Rubwera (Kyerwa), mwenye seva moja inayobeba majalada ya wagonjwa au hesabu za kahawa za chama cha ushirika (AMCOS), hana haja na ukubwa huo. Kinachomsumbua ni umeme wa kukatika, radi za ukanda wa Ziwa Victoria na intaneti ya kusuasua. Basi ukihamia toleo jipya, tafuta kwanza yale yanayotibu hayo matatu.

Anza na diski. Storage Spaces, iliyokuja na toleo la 2012, inaweza kupangwa iandike kila kitu kwenye diski mbili kwa pamoja, na kwa ofisi ndogo zinatosha. Kama seva ina kadi ya RAID, iweke katika hali ya kupitisha tu, ili mfumo uzione diski moja moja. Halafu kuna hatari inayosahaulika: diski nyingi hupokea data kwenye kumbukumbu ya muda na kujibu kwamba zimeshaihifadhi kabla haijaandikwa. Umeme ukienda hapo, rekodi imekwenda nao. Nunua SSD zenye kinga dhidi ya kukatika umeme, hata kama bei inauma.

UPS nayo iunganishwe na seva kwa kebo ya USB, ili iweze kuiamuru izime kabla betri haijaisha. Kwenye Hyper-V, sehemu ya Windows Server inayoendesha mashine pepe, chagua mashine pepe zizimwe kwa utaratibu, na umeme ukirudi hifadhidata iamke kwanza, programu ya mapokezi ifuate dakika chache baadaye. Zikiamka pamoja, mapokezi watapata skrini ya kosa na simu yako haitanyamaza.

Sasa tufike kwenye Hyper-V Replica. Kwangu mimi hii ndiyo sababu kubwa ya kuiweka kazi kwenye mashine pepe katika wilaya za Karagwe na Kyerwa. Ilianza 2012. Huandika mabadiliko ya mashine pepe kwenye faili la kumbukumbu, kisha huyatuma kwa seva ya pili kila baada ya sekunde 30, dakika 5 au dakika 15. Seva ya pili inaweza kukaa Nkwenda, Kyerwa, mbali na radi iliyopiga Kayanga. Kwa mtandao wetu chagua dakika 15.

Nakala ya kwanza usiipitishe kwenye intaneti. Kwa kasi ya megabiti 10 kwa sekunde, gigabaiti 200 zitachukua takriban saa 44, mtandao usipokatika hata mara moja. Chagua kuihamishia kwenye diski ya nje, ifunge kwa BitLocker, uipeleke kwa gari. Ufungaji huo ni wa lazima, kwa sababu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakudai uzilinde taarifa za watu popote zilipo, na diski iliyodondoka njiani haichagui atakayeiokota. Faili za muda za mfumo ziweke kwenye diski pepe ya peke yake, uiondoe kwenye urudufishaji; utaokoa bando nyingi.

Ofisi mbili zisizo na domeni moja zitatumia vyeti vya usalama na bandari 443. Muombe mtoa huduma anwani ya umma isiyobadilika, kwani bila hiyo, au bila VPN, seva za mbali hazitakufikia. Tena, Replica si nakala ya akiba. Kirusi kikifunga mafaili Kayanga, dakika chache baadaye yamefungwa Nkwenda pia. Hifadhi pointi za kurejea za saa kadhaa, na uwe na diski ya akiba inayochomolewa.

Kwenye mtandao, tumia Switch Embedded Teaming kuunganisha kadi mbili. Njia ya zamani ya LBFO haifai tena kwa swichi pepe. Na tahadhari: toleo la 2025 hudai sahihi ya SMB kwenye miunganisho inayotoka. Ukiituma seva ihifadhi nakala kwenye kifaa cha zamani kinachoingiwa bila nenosiri, itakataa. Jaribu hilo kabla ya kuhama.

Leseni ya Standard inakupa mashine pepe mbili kwa seva, na seva ya Nkwenda inahitaji leseni yake. Iwekee toleo lilelile la mfumo. Windows Server 2016 itaacha kupata marekebisho ya usalama ya kawaida 12 Januari 2027, kwa hiyo isiwe ndiyo pa kukimbilia. Kila mwezi fanya jaribio la kuhamia: Nkwenda itawasha nakala ya majaribio bila kugusa kazi ya Kayanga. Mwite mhasibu au mtunza kumbukumbu afungue rekodi za jana yake, maana yeye ndiye atakayegundua kilichopungua.