Kumtambua Chura wa Kahe

Kahe ni uwanda ulio kusini-mashariki ya mji wa Moshi, unaonyweshwa na maji yashukayo kutoka Kilimanjaro. Mwanafunzi akamataye chura mferejini au katika shamba la mpunga na kumfuga katika ndoo, aghalabu hutaka kujua ni wa spishi gani. Wengi huanza na rangi, nayo hupotosha, kwa kuwa chura mmoja aweza kuwa mweusi penye tope na kahawia penye jua. Yafaa maumbile yachunguzwe kwanza, kwa utaratibu huu:

1. Miguu ya nyuma. Vidole vitatu vikiwa na kucha nyeusi, na kinywa kikiwa hakina ulimi, chura huyo ni wa jenasi ya Xenopus, aishiye majini karibu maisha yake yote.

2. Ngozi. Ngozi kavu yenye vinundu, pamoja na tezi kubwa nyuma ya macho, ni dalili za jamii ya Bufonidae. Mmoja wao ni Sclerophrys gutturalis, ambaye vitabu vya zamani humweka katika jenasi ya Bufo. Utomvu wa tezi hizo ni sumu.

3. Umbo. Pua iliyochongoka, miguu mirefu, na mikunjo ya ngozi iliyonyooka mgongoni ni alama za Ptychadena. Visahani katika ncha za vidole ni vya vyura wakweao majani, kama Hyperolius.

4. Mlio. Spishi za jenasi moja zikifanana mno, mlio wa dume wakati wa mvua huzitenganisha.

Rangi huja mwisho, lakini yaweza kuwa onyo. Phrynomantis bifasciatus, mweusi mwenye mistari miwili myekundu mgongoni, hutoa sumu iwezayo kuua vyura wengine waliowekwa naye katika chombo kimoja.

Chura aliyechunguzwa arudishwe pale pale alipokamatwa, wala asiachiwe katika maji mengine, kwani aweza kupeleka maradhi. Huko Kihansi, chura mdogo Nectophrynoides asperginis alipungukiwa na manyunyu ya maporomoko baada ya maji kuelekezwa kwenye mitambo ya umeme mwaka 2000. Mwaka 2003 kuvu ishambuliayo ngozi za vyura ilionekana huko, na mwaka 2009 chura huyo alitangazwa kuwa ametoweka porini.

Zoezi: Chura ana ngozi laini, hana kucha, na ana visahani vidoleni. Je, atafutwe wapi, mferejini au juu ya matete? Eleza sababu.