Unasihi wa Kiutu kwa Wazee wa Katumba na Mishamo

Swali: Msomaji wa Mpanda anauliza iwapo unasihi wa kiutu wa Carl Rogers unawafaa wazee waliokimbia Burundi mwaka 1972.

Jibu: Unawafaa, ingawa si katika kila kipengele. Rogers, mwanasaikolojia wa Marekani, alishikilia kwamba kila binadamu ana uwezo wa ndani wa kukua, na kwamba mnasihi hatoi maagizo bali hujenga uhusiano wenye mambo matatu: ukweli wa nafsi, yaani kutojificha nyuma ya cheo, kumkubali mtu bila masharti, na kuzielewa hisia zake kama anavyozihisi mwenyewe.

Jambo la pili, kumkubali mtu bila masharti, ndilo lenye uzito mkubwa zaidi katika makazi ya Katumba na Mishamo mkoani Katavi, kwa kuwa wazee hawa waliishi miongo kadhaa wakihesabiwa wakimbizi, wakahitaji kibali hata cha kutoka makazini, na ingawa zaidi ya 160,000 miongoni mwa wakimbizi wa 1972, wakiwamo wa Ulyankulu mkoani Tabora, walikubaliwa uraia wa Tanzania na kuanza kupewa vyeti mwaka 2014, cheti peke yake hakiondoi mazoea ya kujieleza kwa hofu mbele ya kila afisa.

Udhaifu wa mkabala huu ni kwamba ulimlenga zaidi mtu mmoja mmoja, ilhali mzee wa Mishamo hujitambua pia kupitia ukoo, kanisa na majirani. Hivyo ni vyema mnasihi aulize kwanza mzee angependa nani awepo, na mazungumzo yakigusa mauaji yaliyowakimbiza Burundi, amwachie uhuru wa kunyamaza. Majinamizi na kukosa usingizi kwa muda mrefu vinahitaji daktari pia.