Somo la 9: Mashua Ikiwa Pwani

Mwezi Juni hadi Agosti kusi huvuma kwa nguvu. Mashua nyingi hupandishwa pwani. Huu ndio wakati wa kuitengeneza yako.

Anza na mbao, si umeme. Gonga kila ubao kwa mpini wa kisu. Ubao mzima hulia vizuri. Uliooza hulia mlio mzito. Toa kalafati mbovu, tia pamba mpya, kisha paka deheni chini. Taa mpya haizuii maji kuingia!

Sasa betri. Chumvi hula nyaya na vichwa vya betri. Ipeleke nyumbani, safisha vichwa vyake, vikaushe, uvipake grisi. Betri ikikaa tupu miezi mitatu huharibika. Basi ichaji kila mwezi, mahali penye hewa na mbali na moto, maana hutoa gesi iwezayo kulipuka.

Wavuvi wengine siku hizi hutumia GPS. Chombo hiki hupokea ishara za satelaiti na kuonyesha kwa tarakimu mahali ulipo. Ni kizuri. Lakini kikiharibika, alama za miamba ulizoweka humo huweza kupotea. Ziandike zote katika daftari. Na betri ikizimika baharini, utarudi kwa dira tu. Usiiweke dira karibu na redio, nyaya wala chuma: sindano itakudanganya.

Maswali
1. Kwa nini betri ichajiwe mbali na moto?
2. Mwamba gani wa kwenu utauandika kwanza?